Mtoto Wangu ni wa Korti Gani?

Mara ya kwanza kufika kortini nilifika nikiwa ndani ya stoo ya vifaa vya usafi, chini ya jengo moja refu la makazi huko Lusail, Qatar, nimevaa sare yangu ya ulinzi, simu nimeiegemeza kwenye ndoo ya kupigia deki. Saa za Doha na za Kenya ni zile zile. Korti ya mji wetu mdogo wa magharibi huanza saa tatu asubuhi, na saa tatu asubuhi mimi niko zamu. Msimamizi wangu, mwanamke wa Kiganda mwenye roho safi, alinishikia mlango wa mbele na kuniambia nisizidi nusu saa. Kwenye skrini nilimwona hakimu, karani, mawakili wawili, na watu wengine kama kumi na watano waliokuwa wakingojea kesi zao za ng'ombe na za mipaka ya shamba. Kesi yangu ilipoitwa nilijinyoosha na kushusha mikono, utadhani wimbo wa taifa unapigwa.

Hakimu aliniuliza kama mimi ni polisi. Nikasema hapana, mheshimiwa, ni mlinzi wa jengo. Akaniambia nivue kofia, nikavua. Kabla sijafungua kinywa tena, wakili wa shemeji yangu aliomba nafasi ya kusema jambo moja dogo. Hilo jambo dogo lilikula miaka mitatu na miezi ya maisha yangu, na hata leo nikilikumbuka damu inanichemka.

Nilichokuwa nataka hakikuwa cha ajabu. Nilikuwa nataka binti yangu. Wakati huo alikuwa na miaka saba. Baba yake alifariki kwa ajali ya barabarani mtoto akiwa mdogo bado, anaanza kutamka maneno vizuri, nami nikamwacha kwa mama mkwe nikaenda Doha kutafuta. Mama mkwe wangu ni mtu mwema. Sina neno baya juu yake na sitalitafuta. Lakini baada ya mikataba miwili niliona imetosha: binti aende akakae na dada yangu, ambaye ni mwalimu na anaishi mwendo wa saa nne kutoka hapo, azoee shule ya huko, nami nikimaliza mkataba nirudi tuishi wote nyumba moja. Shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, aliniambia kwa simu kwamba mtoto wa ndugu yake hatoki kwenye boma la baba yake. Nikitaka kumwona nije nimwone, chai ipo. Mimi niliyembeba tumboni nikaribishwe chai. Ndipo nikafungua kesi.

Sasa, lile jambo dogo la wakili. Alimwambia hakimu kwamba ana pingamizi la awali. Korti hii, alisema, haina mamlaka ya kusikiliza shauri hili, kwa sababu marehemu alikuwa Muislamu, familia ya marehemu ni Waislamu, na mama wa mtoto naye ni Muislamu. Basi watu wote wa shauri ni Waislamu, na shauri lao lina mahali pake, nako ni Mahakama ya Kadhi. Wakili wangu alicheka kidogo akasema mteja wake ni Mkristo, alibatizwa, na alifunga ndoa kwa mkuu wa wilaya wala si msikitini. Yule mwenzake akasema ana hati. Akaiinua mbele ya kamera, nami nikaitambua kabla hajaisoma.

Ilikuwa fomu ya ajenti.

Waliowahi kupitia ofisi za ajenti Nairobi, wale wanaopeleka wasichana wa kazi Ghuba, wataelewa mara moja. Nilipokwenda kujiandikisha miaka ile, mama wa ofisini aliniangalia akaniuliza dini. Nikamwambia. Akatikisa kichwa akaniambia Wakristo wanakaa sana bila kuchukuliwa, lakini Muislamu anaweza kuondoka hata mwezi ujao, kwa hiyo afadhali niandike hivyo. Akanifunga ushungi wa ofisi, ule ule waliokuwa wamefungwa wasichana kumi kabla yangu, nikapigwa picha. Akanipa na jina jipya, kama mtu anavyopewa sare. Kwenye nafasi ya dini akaandika Muislamu, akanisogezea kalamu. Sahihi ni yangu. Hilo silikatai. Sikuona dhambi kubwa. Nilikuwa nimeishi na mume Muislamu, nilijua kufunga, nilijua kupika futari, na nilikuwa na mtoto wa kulisha. Karibu kila msichana wa Kikristo niliyesafiri naye alikuwa na fomu kama hiyo. Tulicheka uwanja wa ndege tukiitana majina yetu mapya, na nusu yetu tulikuwa tayari tumeyasahau.

Nilifanya kazi na fomu ile katika nyumba moja ya Al Thumama kwa miaka miwili. Nilifunga Ramadhani mbili kamili, na madamu wangu, ambaye hakuwa mtu wa maswali, alininunulia mswala mzuri wa kijani. Nilikuwa nikisali sala zangu za Kikristo chumba cha kufulia, mashine ikizunguka. Baadaye nikapata kazi ya ulinzi na kuhamia kambi ya wanawake huko Industrial Area. Nakala ya fomu nilikuwa nimeiacha nyumbani kwa mama mkwe, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kibali cha mazishi cha baba yake, nikijua karatasi zangu ziko mahali salama. Shemeji hakuhitaji kuiba kitu. Alifungua kabati tu.

Hakimu alisema atatoa uamuzi kuhusu pingamizi baada ya wiki sita, na kwamba mpaka shauri liishe mtoto asihamishwe popote. Akaita kesi ya ng'ombe. Nikarudisha kofia kichwani nikaenda mlangoni kufungulia watu.

Wiki sita zikawa miezi minne. Siku ya uamuzi hakimu alisoma haraka haraka kwamba hati iliyotiwa sahihi na mama mwenyewe inaonyesha anakiri dini ya Kiislamu, na kwa hivyo mahakama hii haina mamlaka, inaweka kalamu chini. Nilidhani nitaruhusiwa kusema ile fomu ilitoka wapi. Wakili wangu alinieleza baadaye kwamba korti ikishasema haina mamlaka, haina masikio pia. Haiwezi kuniuliza hata jina.

Nilimpigia karani wa korti ile, kijana mpole kwa kweli, nikamuuliza kwa nini nisiingie tu korti nyingine ya karibu.

"Madam, korti si kama kanisa ati unaingia tu yenye iko karibu," aliniambia. "Kila korti iko na vitu zake."

Akanieleza, na namshukuru kwa kunieleza, maana kabla ya hapo mimi nilijua korti ni korti kama vile hospitali ni hospitali. Jengo la mji wetu ni la hakimu. Hakimu huyo huyo, akikaa kiti kile kile, siku ya Jumanne huwa Mahakama ya Watoto, na Jumatano huwa hakimu wa kawaida wa wezi wa kuku. Nyuma ya jengo, ukipita choo, kuna chumba cha Kadhi, lakini Kadhi mwenyewe anakaa mji mkubwa zaidi na huja kwetu siku mbili kwa mwezi. Yeye anashughulika na ndoa, talaka na mirathi, tena ya Waislamu peke yao, na kuhusu malezi ya watoto hata mawakili wanabishana. Kesi za ardhi zina korti yake, za wafanyakazi zina yake, na hizo ziko makao makuu ya kaunti. Huko huko ndiko iliko Mahakama Kuu, ambayo kazi yake mojawapo ni kuamua, watu wakigombana, nani kati ya hawa wadogo ana haki ya kusikiliza nini. Juu yake kuna Rufaa. Nilimsikiliza mpaka mwisho nikamuuliza mtoto wangu yuko kwenye lipi kati ya mafungu hayo. Akasema labda nimuulize wakili.

Nilimsimulia msimamizi wangu tukinywa karak, chai ya maziwa na iliki ya huko, kabla ya zamu. Aliniangalia kwa huruma ya mtu anayetazama jirani mwenye paa linalovuja.

"Kwetu unaanza kwa chairman wa kijiji," alisema. "Anaita watu, mnakaa, anauliza mtoto ni wa nani. Watu wanasema ni wa huyu. Inaisha."

Nikamwambia kwetu pia kila mtu anajua mtoto ni wa nani. Wasichojua ni ofisi ya kusemea.

Kwa Kadhi tulingoja miezi mitano, kwa sababu alikuwa likizo, kisha mtandao ukakatika, kisha siku zake mbili za mwezi zikaangukia Idi. Katika miezi hiyo nilikonda. Ilikuwa hivi: nikisema mbele yake kwamba mimi ni Muislamu, kesi itakaa kwake, nami nitakuwa nimedanganya tena, safari hii kwa kiapo. Nikisema ni Mkristo, nitakuwa nimekiri mbele ya watu kwamba nilidanganya kwenye karatasi zilizonileta Qatar, na kampuni yangu ya ulinzi ilinakili dini yangu kutoka karatasi hizo hizo. Niliota mara nyingi mkuu wa wafanyakazi akiniita ofisini na faili mkononi. Na zaidi ya woga kulikuwa na aibu. Kambini, kwenye kitanda cha chini ya changu, alilala dada mmoja wa Mombasa, Muislamu wa kweli, ambaye kila Ramadhani alinigawia tende zake akiniita dada katika imani.

Siku ilipofika nilikuwa stoo ile ile. Kadhi alikuwa mzee wa miwani, sauti ya chini. Wakili wa shemeji alianza kusoma fomu, na Kadhi akamwinulia kiganja anyamaze.

"Mama, mimi siiulizi fomu," alisema. "Nakuuliza wewe. Wewe ni Muislamu?"

Ninaapa kwamba katika muda wote huo hakuna mtu mwingine aliyefikiria kuniuliza. Nikamwambia, "Hapana, mheshimiwa. Mimi ni Mkristo. Ile fomu iliandikwa na ajenti ili nipate kazi haraka, lakini sahihi ni yangu, na ninaomba radhi kwa dini yenu."

Aliandika kwa muda. Kisha akasema kwamba radhi nimwombe Mungu, kwake yeye nimesema kweli na inamtosha. Kwamba korti yake haimsikilizi mtu asiyekuwa wa imani hiyo. Na kwamba hana haki ya kunigusa mimi wala shauri langu, nirudi kwa hakimu. Tulimaliza kabla chai ya msimamizi wangu haijapoa. Yule dada wa Mombasa nilimweleza mwenyewe jioni ile ile. Hakunisemesha wiki nzima, kisha akaniambia angependelea ningemwambia mapema, na hapo ana haki.

Nikafikiri sasa tumefika. Nani hangefikiri hivyo? Wakili wangu akarudisha faili kwa hakimu, na tukakuta yule wa kwanza amehamishwa. Huyu mpya alisoma faili lote, akakubali kwamba Kadhi yuko sawa, akakubali kwamba mimi ni Mkristo, na akasema hawezi kunisikiliza. Uamuzi wa mwenzake kwamba korti hii haina mamlaka bado umesimama. Yeye na mwenzake ni wa ngazi moja, na hakimu hafuti neno la hakimu wa ngazi yake. Aende Mahakama Kuu anayetaka lifutwe. Kwa hiyo kulikuwa na korti mbili katika uwanja mmoja, zinatenganishwa na choo, kila moja ikisema mtoto wangu ni wa ile nyingine, na zote mbili kwa mujibu wa sheria zilikuwa zimesema sawasawa. Nilikaa juu ya ndoo nikacheka peke yangu. Halafu nikatukana, na sijutii.

Mwaka huo nilipata likizo. Niliamua kwamba kama korti zote mbili hazina mamlaka, basi mamlaka yamebaki kwangu. Nilikwenda shuleni mchana, nikiwa na dada yangu na gari la kukodi nje, nimchukue binti yangu tuondoke. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akanikalisha, kisha akatoa karatasi kwenye droo. Ilikuwa amri ya yule hakimu wa kwanza: mtoto asihamishwe. Nikamwambia hakimu huyo alishasema mwenyewe hana mamlaka. Mwalimu mkuu akasema hilo yeye halijui, anachojua ni muhuri, na chifu ana nakala kama hiyo, na polisi pia. Shemeji alikuwa amezigawa kama kadi za harusi. Nikauliza inawezekanaje korti ikose nguvu ya kunisikiliza lakini iwe na nguvu ya kunizuia. Alisema kwa upole kwamba hilo ni swali zuri.

Binti aliitwa darasani aje anisalimie. Alikuwa amerefuka. Alinipa mkono, akainamisha kichwa kwa adabu kama walivyofundishwa, akasema, "Shikamoo." Nilimkumbatia na akakubali kukumbatiwa. Aliniuliza kama nimemletea kukhu dawa yake ya magoti. Kukhu ndivyo wanavyomwita nyanya upande ule, na dawa nilikuwa nimeileta. Tukakaa nusu saa kwenye benchi nje ya ofisi, kisha kengele ikalia akaniambia ana hesabu. Niliondoka na dada yangu, kiti cha nyuma kikiwa kitupu.

Mahakama Kuu ilichukua mwaka na nusu. Sitaki kuusimulia, kwa sababu hakuna cha kusimulia: ni kutajwa tu, kutajwa na kuahirishwa, jaji yuko mafunzo, jaji ana mkutano, faili liko makao makuu, faili halijafika makao makuu. Nilisaini mkataba mwingine Doha, kwa sababu nikirudi bila kazi shemeji angesema sina uwezo wa kulea. Wakati huo wote hakuna mtu katika kesi yangu aliyetamka neno mtoto isipokuwa kwenye kichwa cha faili. Walizungumza juu ya vifungu, na juu ya fomu ya ajenti, ambayo sasa ilikuwa imesomwa na watu wengi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika. Mwishowe jaji akaandika ukurasa mmoja na nusu. Shauri ni la Mahakama ya Watoto. Lilikuwa la Mahakama ya Watoto tangu siku ya kwanza. Uamuzi wa hakimu wa kwanza unafutwa. Yaani kiti kile kile, jengo lile lile, Jumanne. Ukurasa mmoja na nusu ulikuwa unaweza kuandikwa nikiwa bado na kofia mkononi.

Kwa hiyo tulirudi tulikoanzia, na hakimu mwingine tena, mwanamke wa makamo, mwenye subira. Msimamizi wangu alinikataza kwenda stoo siku hiyo. Alinipa kiti chake na ofisi yake ndogo ya ghorofa ya kwanza, akaufunga mlango kwa nje ili nisisumbuliwe. Wakili wa shemeji aliulizwa kama ana pingamizi lolote kuhusu mamlaka ya korti. Akasema hana. Hakimu akasema mtoto amefikia umri wa kusikilizwa, naye angependa kumsikiliza kwanza kabla ya sisi wakubwa.

Afisa wa watoto alimleta binti yangu mbele ya kamera. Alikuwa na miaka kumi na miezi kadhaa, sweta ya shule, nywele zimesukwa vizuri. Nilijua mikono iliyozisuka. Hakimu alimuuliza darasa lake, marafiki zake, anapenda kusoma nini. Kisha akamuuliza angependa kuishi wapi.

"Na kukhu," alisema.

Hakimu akamuuliza kwa sauti ya taratibu kwa nini hataki kwenda kuishi na mama yake. Binti yangu alifikiri. Hakuwa na hasira, wala hakumtazama mtu yeyote amsaidie.

"Sijakataa," alisema. "Ni vile simjui sana."

Hakuna aliyemfundisha maneno yale. Nilimtazama shemeji kwenye kisanduku chake, na hata yeye aliinamisha uso. Hakimu akaniuliza kama mama ana la kusema. Nilikuwa nayo mengi. Nilitaka kumtaja kila mmoja wao kwa zamu, yule wa kwanza na kalamu yake aliyoiweka chini, yule wa pili aliyejua ukweli akashindwa na ngazi, na jaji na ukurasa wake. Nilitaka kuwaambia kwamba akiwa na miaka saba alikuwa hanijui pia, lakini ulikuwepo wakati wa kumfanya anijue, na huo wakati, wao ndio walioukalia. Lakini alikuwa bado anaitazama skrini, akinisubiri nijibu, na sikutaka anachokumbuka kwangu kiwe mwanamke wa kofia anayegombana na watu.

Nikasema, "Mheshimiwa, mtoto amesema kweli. Muandike hivyo hivyo."